Kubadilisha paipu za breki na petroli kwenye pikapu iliyotoka Mombasa

Paipu ya breki iliyotoboka kwenye pikapu yangu ilikuwa na tundu dogo mno, hata ncha ya sindano ingepita kwa shida. Tundu hilo lilitosha. Nilikuwa Barabara ya Jogoo nikielekea Makadara na kabeji nyuma, foleni ya asubuhi ikisogea kidogo kidogo, nikakanyaga breki na pedali ikaenda chini kupita kawaida yake. Nikakanyaga tena, ikazama zaidi. Taa nyekundu ya breki ikawaka. Gari lilisimama, ila lilisimama mbele ya pale nilipotaka lisimame. Nilipoliweka kando na kuinama kutazama chini, mafuta ya breki yalikuwa yakidondoka mbele kidogo ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto.

Lilisimama kwa sababu masta silinda ya magari haya, ile silinda kuu inayosukumwa na pedali, ina vyumba viwili. Kwenye pikapu kama yangu, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, chumba kimoja hulisha breki za mbele na kingine za nyuma. Kwenye magari mengi madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele, mgawanyo ni wa mshazari: mbele kulia pamoja na nyuma kushoto, mbele kushoto pamoja na nyuma kulia. Paipu ya upande mmoja ikipasuka, upande wa pili bado unashika, na pedali inazama kwa sababu pistoni ya chumba kilichovuja inasafiri bure kabla ya kile kingine kuanza kazi. Kila dereva alijue hili kabla halijamkuta. Pedali ikizama usiondoe mguu. Kanyaga kwa nguvu hadi mwisho, shusha gia, kisha vuta handibreki taratibu. Nusu ya breki ungali nayo, lakini inahitaji nafasi ndefu zaidi, na katika foleni ya Nairobi nafasi ndiyo kitu adimu.

Pikapu yenyewe ni ya mwaka 1996, ya tani moja, injini ya petroli ya EFI, yaani inayopuliziwa petroli kwa shinikizo badala ya kutumia karabureta. Ilikuwa ya mjomba wangu aliyeko Mombasa, na wakati huo haikuwa imekaa sana mikononi mwangu. Kwa miaka mingi ilibeba samaki kutoka Liwatoni kupeleka kwa wateja wake wa Nyali na Bamburi, na mara nyingine ilivuka feri ya Likoni kwenda kusini. Samaki hubebwa na barafu. Barafu ikiyeyuka, maji yake yanachanganyika na chumvi, yanatafuta mashimo ya bodi ya nyuma na kudondoka juu ya fremu, palepale paipu zinapopita. Nilipompigia simu siku ile, mjomba hakushangaa. "Injini ile haina neno, mwanangu," aliniambia. "Lakini huko chini chumvi ilikula sana. Mwambie fundi asitazame kwa macho tu, aguse."

Chuma kikipata maji na hewa hushika kutu, hilo kila mtu analijua. Chumvi inachofanya ni kuyawezesha yale maji kupitisha umeme vizuri zaidi, na kutu kwa asili yake ni kazi ya umeme mdogo unaopita kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine. Ndiyo maana gari la pwani linaoza upesi, na ndiyo maana magari yaliyotumika Uingereza au kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, yanaweza kufika hapa yakiwa safi juu na yameoza chini. Kulihamishia gari Nairobi hakuisimamishi kutu iliyokwisha kuanza. Chumvi inabaki kwenye tope lililojibana nyuma ya klipu, na chumvi huvuta unyevu wa hewa. Mvua za Machi hadi Mei zikija, udongo wetu mwekundu unaijaza fremu na kukaa umelowa siku nyingi.

Sasa fikiria paipu yenyewe. Unene wake wa nje ni milimita 4.75. Ukuta wake ni kama milimita 0.7 tu. Ukikanyaga breki kwa nguvu, shinikizo ndani yake linaweza kupita baa 100, ilhali tairi la gari dogo hujazwa baa mbili na kidogo. Kutu haihitaji kuimaliza paipu. Inahitaji kula sehemu ya ule ukuta mahali pamoja tu, kisha siku moja ukanyage kwa nguvu kuliko siku nyingine.

Gari lilivutwa hadi Kariobangi Light Industries, kwa fundi mzee ambaye amefanya kazi ya malori maisha yake yote. Alilipandisha kwa jeki, akaliweka juu ya stendi, akalala chini na tochi. Alipanguza paipu kwa kitambaa kilicholoweshwa dizeli, kisha akaanza kuikwaruza polepole kwa bisibisi.

"Mama, njoo uone mwenyewe," akaniita.

Niliingia chini. Paipu zilikuwa zimepakwa ile rangi nyeusi nzito ya kuzuia kutu, na kwa mbali zilionekana nzima kabisa. Bisibisi ilipogusa, ile rangi ilivunjika na chini yake kutu ikabanduka tabaka kwa tabaka kama magamba ya samaki. Mahali palipotoboka palikuwa nyuma ya klipu, chini kabisa ya shimo la maji la bodi. Fundi alisogeza tochi hatua moja kwenda mbele, klipu nyingine, hali ileile. Akasogeza nyuma hadi juu ya ekseli, paipu ilikuwa imevimba. Kando yake zilipita paipu za petroli, ile ya kupeleka na ile ya kurudisha, nazo zilikuwa na vipele vilevile. Nikanusa. Kulikuwa na harufu ya petroli iliyokauka, si kali, ila ilikuwapo.

Kijana wa fundi alikuwa na jibu la haraka. Wakate kile kipande kibovu, waweke kipande cha shaba cha friji, wakiunge kwa viungo vya nati na pete, na kabla ya chakula cha mchana ningekuwa njiani. Bei yake ilikuwa ndogo. Ni kazi inayofanywa kila siku mjini humu, na magari yanaondoka yakitembea. Fundi mwenyewe hakumkataza mbele yangu. Aliniangalia tu, akaniuliza, "Wewe unashuka na mzigo kutoka wapi?"

"Kinangop."

"Basi mimi siwezi kukufanyia hiyo."

Sababu alizonipa nimezifikiria sana tangu siku ile, na naziamini. Ya kwanza ni kwamba paipu zote zilifungwa kiwandani wakati mmoja, zimepita maji yaleyale na chumvi ileile. Iliyotoboka imetangulia tu. Tena ukiziba pale palipovuja, lile shinikizo lililokuwa likitokea pale sasa linaenda kupima sehemu inayofuata kwa ubovu. Ya pili ni shaba. Shaba tupu ya friji ni laini na inakunjika vizuri, ila ikitikiswa muda mrefu inakuwa ngumu na kuchanika, na hakuna kitu kinachotikisika kama pikapu kwenye barabara za Nyandarua, iliko Kinangop. Ya tatu ni kile kiungo cha pete. Kinashika paipu kwa kuibana tu kwa nje. Kwenye bomba la maji la nyumbani kinafaa. Kwenye breki, paipu inaweza kuchomoka.

Sisemi kwamba kuunga paipu ni haramu wakati wote. Kama paipu ni nzima na imeharibika mahali pamoja, labda imegongwa na jiwe, kipande kipya chenye midomo iliyotengenezwa vizuri na kiungo halisi cha breki kinakubalika. Lakini kuunga kipande kipya kwenye paipu iliyooza ni kumwachia mteja hofu. Tulikubaliana kutoa zote, za breki na za petroli, pamoja na hosi za mpira na wili silinda za nyuma, zile silinda ndogo za breki ndani ya magurudumu, zilizokuwa zikilowa. Spea nilipe kwanza, ufundi kwa mafungu.

Spea nilizifuata Kirinyaga Road, ambayo wazee bado huiita Grogan. Fundi alinipa ushauri mmoja wa maana kuliko yote: chukua nati ya zamani mfukoni. Nati za paipu za breki za magari mengi ya Kijapani ni za milimita 10, na hatua ya uzi wake ni milimita 1. Ipo nyingine ya inchi, ya tatu kwa nane, ambayo kwa macho huwezi kuitofautisha na hiyo. Inaingia, inazunguka, inaonekana imeshika, kisha inalegea au inaharibu uzi wa masta silinda. Nati sahihi inaingia kwa vidole hadi karibu na mwisho bila kucheza na bila kulazimishwa. Nilizijaribu palepale dukani kwenye kiungo cha zamani, moja baada ya nyingine, na baadhi nikazirudisha.

Kwa paipu zenyewe nilikuwa na chaguo la chuma kilichopakwa au mchanganyiko wa shaba na nikeli. Chuma ni rahisi bei na ni kigumu, kinavumilia mawe, ila kukikunja kufuata njia ya fremu ni kazi, na siku moja kitashika kutu tena. Ule mchanganyiko, ambao sehemu kubwa ni shaba na karibu asilimia 10 ni nikeli, haushiki kutu kama chuma, unakunjika kwa mkono na mdomo wake unatengenezeka vizuri. Ni ghali zaidi. Kwa gari lililolowa maji ya bahari maisha yake yote nililipa hiyo tofauti. Angalia sana usiuziwe shaba tupu kwa jina la mchanganyiko huo. Shaba tupu ni nyekundu zaidi na inalegea kabisa mkononi. Ile yenye nikeli rangi yake imefifia na inabishana kidogo na kidole. Bora zaidi ni kununua roli iliyofungwa yenye maandishi ya kiwanda kuliko kipande kilichokatwa kutoka nyuma ya duka. Kwa petroli tulibaki na paipu ya chuma yenye ngozi ya plastiki, ya milimita 8 ya kupeleka na nyembamba zaidi ya kurudisha.

Kutoa zile za zamani ndiko kulikokula muda. Fundi alizipulizia nati zote mafuta ya kulegeza jioni na kuziacha zilale. Asubuhi alitumia spana maalumu ya paipu, ile inayoizunguka nati karibu yote na kuacha mwanya mdogo wa kupitishia paipu. Spana ya kawaida yenye mdomo wazi inashika pembe mbili tu, na nati laini iliyoshika kutu inakuwa duara mara moja. Ilipokataa kabisa, hakupoteza subira. Aliikata paipu karibu na nati kwa kuwa paipu ilikuwa inatupwa hata hivyo, akavisha soketi ya pembe sita, nati ikatoka. Moto hakuutumia popote, kwa kuwa mafuta ya breki yanashika moto na paipu za petroli zilikuwa kando.

Paipu ndefu zilitoka nzima pale ilipowezekana, zikalazwa sakafuni jinsi zilivyokaa kwenye gari. Kijana alizipima kwa uzi uliofuata kila kona, kisha akanyoosha uzi kwenye roli mpya na kuongeza kidogo kwa ajili ya midomo. Nilipenda sana kuona jambo hili. Zile kona za kiwandani hazikuwekwa kwa urembo. Karibu na masta silinda paipu ina mzunguko kamili, na kazi yake ni kumeza mtikisiko. Mahali pengine inakwepa ekzosi, pengine inapita juu ya fremu ili isiwe kitu cha kwanza kugongwa na jiwe. Fundi anayenyoosha paipu mpya kwa njia ya mkato anaokoa nusu mita na kupoteza hayo yote.

Kisha mdomo wa paipu. Hapa ndipo ningetaka mwenye gari asimame, aache simu, atazame. Paipu inakatwa kwa kikataji cha kuzungusha, si kwa msumeno, kwa sababu unga wa msumeno utaingia ndani na kukaa kwenye silinda. Kingo za ndani zinasafishwa. Nati inavishwa kwanza, kwa kuwa mdomo ukishatengenezwa nati haiingii tena. Halafu paipu inabanwa kwenye kifaa na mdomo unapanuliwa kwa hatua mbili: kwanza unasukumwa uvimbe, kisha ule uvimbe unakunjwa kuingia ndani yake mwenyewe, ukawa na kuta mbili na pembe ya nyuzi 45. Mdomo wa ukuta mmoja unaweza kufungika na usivuje siku hiyo, lakini unapasuka ukibanwa. Magari mengi ya Ulaya yana mdomo wa namna nyingine, wa mviringo kama tone, na huwezi kuchanganya hizo mbili. Fundi aliuangalia kila mdomo kwa miwani yake mbele ya tochi, akausugulia kidole. Uliopinda kidogo aliukata akaanza upya bila kusema neno. Kijana aliyekuwa na jibu la haraka siku ya kwanza ndiye aliyekuja kuwa na mkono mzuri kuliko wote kwenye kifaa kile.

Kazi ya petroli tuliitenga siku yake, na hapa nilikuwa mkali. Kariobangi ile watu wanachomelea vyuma ukuta kwa ukuta, cheche zinaruka hadi njiani. Fundi alikuwa amezoea. Nilimwomba tusogeze gari hadi mwisho wa uwanja, mbali na majirani, na tusubiri saa ya chakula wachomeleaji wanapozima mashine. Alikubali, na baadaye akaniambia afadhali nilisema. Tangi lilikuwa karibu tupu. Alichomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, akawasha injini na kuiacha inguruma hadi ikazima yenyewe, ili shinikizo litoke kwenye paipu. Kisha akatoa waya wa hasi wa betri. Chombo cha poda cha kuzimia moto kilikuwa hapo karibu na mkono, na ndoo ya mchanga.

Mfumo wa EFI husukuma petroli kwa shinikizo la baa 3 hivi. Magari ya zamani ya karabureta yanahitaji kidogo sana kuliko hapo, na huu ndio mtego: hosi ya mpira ya karabureta inaingia vizuri kabisa kwenye paipu ya EFI, inakaa, na siku moja inapasuka juu ya injini ya moto. Hosi ya EFI ina maandishi yanayosema hivyo ubavuni, na klipu zake ni zile bapa zenye kingo laini zisizokata mpira. Tulitumia mpira vipande vifupi tu, kwenye miisho, pale chuma kinapokutana na tangi na injini. Kuna watu wanaotoa paipu yote ya chuma na kuweka mpira kutoka nyuma hadi mbele, na mimi gari la namna hiyo sipandi. Mwisho wa kila paipu fundi aliinua ukingo mdogo wa kuishika hosi isichomoke. Filta ya petroli ikabadilishwa siku hiyohiyo, maana paipu iliyooza kwa nje mara nyingi huwa imemwaga unga ndani pia.

Kabla ya kujaza mafuta ya breki alipuliza hewa ndani ya kila paipu. Halafu tukatoa hewa kwenye mfumo, kazi ya watu wawili, mimi kwenye pedali na kijana kwenye nipo, ile skrubu ndogo ya kutolea hewa, na mpira unaoonyesha ndani uliotumbukizwa chupani. Tulianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Magari yetu yana usukani kulia, kwa hiyo lililo mbali ni la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, na mwisho mbele kulia. "Kanyaga. Shikilia. Achia." Vipovu vikaja, vikapungua, vikaisha. Kikombe cha mafuta hakikuachwa kikauke hata mara moja, na yaliyotoka kwenye chupa hayakurudishwa, hata yalivyoonekana safi.

Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, ndiyo maana chupa iliyokaa wazi haifai. Daraja lake huandikwa kwenye chupa: DOT 4 mpya haichemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji inaweza kuchemkia kwenye nyuzi 155. DOT 3 ni 205 na 140. Ikichemka, unakuwa na mvuke ndani ya paipu, mvuke unabanika, na pedali inakwenda chini ingawa hakuna kilichopasuka. Tena maji hayohayo yanakula paipu na silinda kutoka ndani. Nimeamua kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili. Na yakimwagika kwenye rangi ya gari, mwaga maji mengi mara moja, maana yanaibandua.

Injini ikiwaka, nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote na kushikilia huku fundi akipita na karatasi nyeupe ya shashi, akibonyeza kila kiungo. Kiungo kimoja juu ya ekseli kiliacha doa. Akakaza kidogo, akapanguza, tukarudia. Karatasi ikabaki kavu.

Sasa kuna jambo ambalo halikuwa paipu kabisa, nami nalitaja kwa wenye pikapu za mzigo kwa sababu sikuwahi kulisikia kabla ya siku zile. Juu ya ekseli ya nyuma kuna valvu iliyofungwa kwenye fremu, na fimbo yake imeunganishwa na ekseli. Inapima mzigo. Ukipakia, fremu inashuka, fimbo inageuka, valvu inaruhusu nguvu zaidi kwenda kwenye breki za nyuma. Gari likiwa tupu fremu inapanda na valvu inapunguza, ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na kulizungusha gari. Yangu ilikuwa imeshikana kwa kutu, fimbo haisogei. Fundi alikataa kuifungua, tukatafuta nyingine.

Alipoifunga na kupima urefu wa fimbo, aliketi akaziangalia springi za nyuma. Mjomba alikuwa ameongeza majani ya springi, yale mabamba marefu ya chuma, ili abebe makasha mengi ya barafu, kama wafanyavyo karibu wote wanaosomba mizigo nchi hii. Springi zikiongezwa, fremu haishuki hata ukipakia. Valvu inadhani gari ni tupu. Inazinyima breki za nyuma nguvu wakati ambapo zinahitajika kuliko wakati wowote, na breki za mbele zinabeba kazi yote, zinachemka. Kinangop iko zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, Nairobi kama 1,700. Tofauti hiyo yote naishuka na kabeji kupitia Flyover, Kimende na Limuru.

"Nikitoa hayo majani, nitabeba kiasi gani?" nilimuuliza.

"Tani moja, mama. Kama ilivyoandikwa."

Wenzangu soko la Wakulima wanabeba zaidi ya hapo kwa pikapu kama yangu, na bei ya kabeji wanaipangia mzigo huo. Nilipiga hesabu zangu usiku ule na hazikupendeza. Asubuhi nikamwambia ayatoe. Akarekebisha ile fimbo kwa vipimo vyake, akanituma barabarani, kwanza uwanjani bila mzigo, kisha na nusu ya mzigo kwenye mteremko mdogo, kisha safari kamili. Niliporudi alitaka gari kabla ya kabeji kushuka. Aligusa ringi za magurudumu manne kwa nyuma ya kiganja, akapita na karatasi yake tena kwenye viungo.

Tangu hapo, jamaa na marafiki wakitaka kununua gari la zamani hunipigia simu. Mashine ya ukaguzi wa magari ya biashara pale Barabara ya Likoni, Industrial Area, Nairobi, inapima nguvu ya breki za siku ile, nayo inazipima vizuri. Unene uliobaki kwenye ukuta wa paipu ni lazima mtu aingie chini. Ninawaambia waende na tochi, kitambaa na bisibisi, waangalie nyuma ya klipu, juu ya ekseli, juu ya tangi na chini ya mashimo ya bodi. Kutu ya juujuu inayofutika na kuacha chuma laini si tatizo, safisha na upake grisi. Yenye mashimo au iliyovimba inatoka. Gari lililopakwa rangi nyeusi chini juzi tu likwaruzwe kwanza, na muuzaji akikataa likwaruzwe, liachwe. Na wale wa kuosha magari wanaopulizia oili chafu chini ya gari ili ing'ae wakatazwe kabisa: ile oili inavimbisha mpira wa hosi za breki na kuulegeza.

Yale majani ya springi bado yako gereji, yameegemea ukuta. Kijana wa fundi ameniambia kuna mtu wa mchanga anayataka kwa pikapu yake, na ameomba tumtafutie bei. Nimesema hayauzwi kwa pikapu. Yataenda kwa wahunzi, wayafue majembe.